Adam Goodes: Bingwa aliyekataa kuitwa sokwe

Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Anayetaka kukuumiza huokota neno lolote lililo karibu naye, akalirusha, kisha akaendelea na safari yake. Anayebaki nalo ni wewe. Methali hii ina ukweli mwingi, lakini haituambii uliyetukanwa ufanye nini. Unyamaze? Urudishe tusi? Au umgeukie mtukanaji mbele ya watu wote na kumwambia kwamba jina hilo hulikubali?

Katika nchi ya Australia yupo mwanamichezo aliyechagua njia hiyo ya tatu. Jina lake ni Adam Goodes. Alicheza mechi 372 za ligi kuu, akafunga mabao 464, akatwaa ubingwa mara mbili na tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili. Mwaka 2014 alitangazwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka, heshima kubwa ambayo taifa hilo humpa raia wake. Mwaka uliofuata aliuacha mpira huku akizomewa karibu kila kiwanja alichokanyaga nje ya mji wake.

Huku kwetu jina lake si maarufu, kwa kuwa hata mchezo wenyewe haujulikani. Vijana wetu mjini Makamba na Rumonge wanazijua Arsenal na Manchester United kuliko wanavyozijua hesabu. Lakini sisi tuliokulia nchi ya watu, na ninyi mnaovuka mpaka wa Kobero au Manyovu kila wiki na mizigo yenu, tuna sababu ya kuisoma habari ya Goodes. Tunajua uzito wa kuitwa jina ambalo mama yako hakukupa.

Mchezo wenyewe

Kwanza tuujue mchezo. Waaustralia wana mpira wao ambao si soka wala si raga. Kanuni zake ziliandikwa katika mji wa Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla ya Waingereza kuziandika kanuni za chama chao cha soka. Uwanja ni wa duara refu, mkubwa kuliko wa soka, na mpira wenyewe una umbo la yai. Kila timu huingiza wachezaji 18 uwanjani, na mchezo huchezwa kwa vipindi vinne.

Kila upande wa uwanja zimesimama nguzo nne. Hakuna mwamba wa juu, hakuna wavu wala kipa. Mpira ukipigwa kwa mguu na kupita katikati ya nguzo mbili ndefu ni bao, nalo lina pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi, ni pointi moja tu. Mchezaji anaweza kupiga teke, au kuushika mpira kwa kiganja kimoja na kuugonga kwa ngumi ya mkono wa pili ili umfikie mwenzake. Kuurusha kama wafanyavyo wachezaji wa mpira wa kikapu ni kosa. Kinachowapendeza mashabiki zaidi ni kuwaona wanaume warefu wakiruka juu ya mabega ya wenzao na kuudaka mpira hewani.

Ni mchezo wa nguvu, mbio na pumzi. Fainali kuu huchezwa mwezi Septemba katika uwanja wa Melbourne, na watu wanaohudhuria hukaribia laki moja.

Wachezaji wa kabila za wenyeji wa asili wa nchi hiyo, yaani Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres, wamekuwa na nafasi ya pekee katika mchezo huu. Katika idadi ya watu wa Australia hawafiki wanne katika kila mia. Lakini enzi za Goodes, karibu mchezaji mmoja katika kila kumi wa ligi kuu alitoka kwao. Walishangiliwa walipofunga, na wengi wao walitukanwa papo hapo walipokosa.

Mtoto wa mama aliyechukuliwa

Goodes alizaliwa Januari 8, 1980 katika mji mdogo wa Wallaroo, Australia Kusini. Baba yake ni wa asili ya Ulaya. Mama yake, Lisa May, ni wa jamii za Adnyamathanha na Narungga, nao ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo.

Mama huyo alikuwa mmoja wa watoto wanaoitwa kizazi kilichoibwa. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, hadi kufikia miaka ya 1970, serikali nchini Australia zilikuwa na sheria na taratibu za kuwachukua watoto wa Waaborijini kutoka kwa wazazi wao, hasa wale waliochanganya damu, na kuwapeleka kwenye makao ya misheni au kwa familia za wazungu. Nia ilikuwa wasahau lugha, ndugu na asili yao. Hapakuwa na vita wala njaa iliyowatenga na mama zao. Aliyekuja kuwachukua alikuwa ofisa wa serikali mwenye karatasi mkononi.

Mwaka 1997 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilitoa ripoti nzito juu ya jambo hilo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa. Msomaji aliyetenganishwa na wazazi wake njiani wakati wa kukimbia hahitaji kuelezwa zaidi. Mtu aliyekua hivyo huwa na mengi ya kuwaambia wanawe, na mara nyingi hayasemi.

Wazazi wa Goodes walitengana akiwa mdogo. Mama aliwalea wavulana watatu, akihama nao kutoka mji hadi mji. Mtoto Adam alipenda soka kwanza. Walipohamia Merbein, mji mdogo wa jimbo la Victoria, ndipo alipoingia katika mpira wa Kiaustralia, kwa kuwa ndio waliocheza wenzake. Baadaye familia ilihamia Horsham, na kijana akachukuliwa na timu ya vijana ya North Ballarat.

Nchini humo klabu hazinunui vijana sokoni kama Ulaya. Kila mwaka huchagua kwa zamu, na timu iliyoshika mkia huanza. Mwaka 1997, mwaka uleule wa ripoti ya watoto walioibwa, klabu ya Sydney Swans ilimchagua Goodes akiwa wa 43. Maana yake ni kwamba klabu zilikuwa zimeshataja majina 42 kabla ya kulifikia lake.

Mwaka 1998 aliumalizia katika timu ya akiba. Mwaka 1999 aliingia kikosi cha kwanza, na msimu huohuo akatwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi nzima.

Miaka ya neema

Usione vyaelea, vimeundwa. Goodes alikuwa na urefu wa sentimita 191, lakini alikimbia kama mtu mfupi. Kocha aliweza kumpanga katikati, mbele au nyuma, na kila mahali aliweza kazi. Hilo halikuja kwa bahati. Waliocheza naye wanaukumbuka uzito wa mazoezi yake na ukali wake juu ya nafsi yake.

Tuzo kubwa ya mchezaji mmoja mmoja katika mchezo huo ni medali ya Brownlow. Hawaipigii kura waandishi wa habari wala makocha. Waamuzi wenyewe, baada ya kila mechi, huandika majina ya wachezaji watatu na kuwapa alama tatu, mbili na moja. Kura hizo hufungwa hadi mwisho wa msimu. Mwaka 2003 Goodes aliitwaa pamoja na Nathan Buckley na Mark Ricciuto baada ya watatu hao kufungana kwa alama. Mwaka 2006 aliitwaa peke yake.

Klabu yake ilikuwa na kiu ya muda mrefu. Awali iliitwa South Melbourne, nayo ilihamia Sydney mwaka 1982, mji ambao wenyeji wake wanapenda zaidi raga. Mara ya mwisho kutwaa ubingwa ilikuwa mwaka 1933. Septemba 2005 Sydney waliwafunga West Coast kwa pointi 58 dhidi ya 54, na kiu ya miaka 72 ikakatika. Goodes alikuwamo. Mwaka uliofuata timu hizo zilikutana tena fainali, na safari hii Sydney walifungwa kwa pointi moja tu.

Ubingwa wake wa pili ulikuja mwaka 2012 dhidi ya Hawthorn, matokeo yakiwa 91 kwa 81. Goodes, aliyekuwa mmoja wa manahodha, aliumia goti katikati ya mechi. Hakutoka. Alichechemea uwanjani, na katika kipindi cha mwisho alifunga bao lililoirudisha timu yake mbele. Siku hiyo, mtu angeulizwa kama Goodes anaweza kuchukiwa na mashabiki wa nchi yake, angecheka.

Katika miaka hiyo alifanya jambo lingine ambalo mimi kama mwalimu nalihesabu zaidi ya magoli. Alirudi darasani kusoma historia na utamaduni wa Waaborijini, yale ambayo mama yake alinyimwa. Mwaka 2009, yeye na mchezaji mwenzake Michael O'Loughlin walianzisha taasisi ya kuwalipia masomo watoto wa wenyeji wa asili.

Ijumaa ya Mei 24

Ikumbukwe kwamba Goodes hakuwa wa kwanza kukataa tusi. Aprili 1993, Nicky Winmar wa klabu ya St Kilda alitukanwa mechi nzima na mashabiki wa Collingwood mjini Melbourne. Filimbi ya mwisho ilipolia, aliinua jezi yake na kuwaonyesha kwa kidole ngozi ya tumbo lake. Picha hiyo ilizunguka nchi nzima. Miaka miwili baadaye Michael Long wa Essendon alilalamika rasmi juu ya tusi alilotupiwa na mchezaji mwenzake uwanjani, na mwaka huohuo wa 1995 ligi ikatunga kanuni ya kukataza matusi ya rangi na kabila kati ya wachezaji. Kanuni hiyo iliwafunga wachezaji midomo. Ya mashabiki ilibaki wazi.

Mei 24, 2013 ilikuwa Ijumaa. Sydney walicheza na Collingwood katika uwanja mkuu wa Melbourne, katika wiki ambayo ligi huitenga kila mwaka kuwaheshimu wachezaji wa asili. Sydney walikuwa wakishinda, na Goodes alikuwa akicheza vizuri. Mchezo ukielekea ukingoni, akiwa karibu na mstari wa pembeni, alisikia sauti kutoka jukwaani ikimwita sokwe.

Aligeuka, akamwona aliyesema, akamwonyesha kwa kidole na kuwaita walinzi. Ndipo alipotambua kwamba ni msichana mdogo. Alikuwa na umri wa miaka 13. Walinzi walimtoa nje. Goodes aliingia chumba cha kubadilishia nguo na hakutoka kusherehekea ushindi na wenzake.

Kesho yake alizungumza na waandishi wa habari. Alisema ameumia sana. Kisha akawaomba watu wasimlaumu wala kumwandama yule msichana, kwa kuwa ni mtoto asiyejua uzito wa alichosema. Alieleza kwamba ubaguzi usiku ule ulikuja na sura ya mtoto wa miaka 13, lakini kosa si la mtoto, bali la mazingira anamokulia. Msichana huyo alimpigia simu kuomba radhi, akamwandikia na barua. Goodes alimsamehe.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika shule ninayofundisha, mwaka jana mwanafunzi aliyerudi kutoka kambi za Kigoma aliitwa na mwenzake jina la mnyama kwa sababu ya matamshi yake. Nilimwuliza aliyetukana amelitoa wapi neno lile. Alijibu bila hofu kwamba nyumbani husemwa hivyo. Hakuwa akijitetea. Alikuwa akinieleza tu, kama ambavyo angenieleza mahali anapochota maji.

Ndiyo maana naona Goodes alitenda kazi ya mwalimu usiku ule. Alilitaja kosa mbele ya watu, hakulifunika. Lakini alimtenganisha mtoto na kosa lake. Haya mawili kwa pamoja ni magumu. Wengi wetu tunaweza moja tu.

Siku tano baadaye mtu mzima alionyesha mtoto hujifunza wapi. Eddie McGuire, wakati huo rais wa klabu ya Collingwood, ndiye aliyeingia chumba cha Goodes usiku wa mechi kumwomba radhi kwa niaba ya klabu. Sasa, akiwa hewani redioni, alifanya mzaha kwamba Goodes angefaa kutangaza onyesho la jukwaani la King Kong, yule sokwe mkubwa wa sinema. Naye aliomba radhi na kusema ulimi uliteleza. Wahenga walishasema ulimi hauna mfupa.

Zomea zomea

Januari 2014 Goodes alitangazwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Alikitumia cheo hicho kuzungumzia ubaguzi na historia ya nchi yake, ikiwa ni pamoja na Januari 26, siku ambayo taifa husherehekea kufika kwa Waingereza mwaka 1788, na ambayo wenyeji wengi wa asili huihesabu kuwa siku ya kuvamiwa.

Hapo ndipo zomea zomea iliposhika kasi. Kila alipogusa mpira, jukwaa la wapinzani lilivuma. Ilianza viwanja vichache, ikaenea msimu wa 2014 hadi fainali, na mwaka 2015 ikawa desturi.

Waliozomea walikuwa na majibu yao, na ni haki kuyaeleza. Wapo waliosema hawazomei rangi yake, wanazomea uchezaji wake, eti hujiangusha ili apewe adhabu. Wengine walisema alimwonea msichana mdogo. Wengine walisema anaigawa nchi kwa maneno yake. Na wengine walisema mashabiki wamelipa kiingilio, hivyo wana haki ya kuzomea yeyote.

Majibu hayo yalipimwa na watu wengi. Wachezaji wenye sifa ya kujiangusha walikuwapo katika kila klabu, na hakuna aliyefuatwa na mazomeo kiwanja hadi kiwanja kwa misimu miwili. Goodes alikuwa amecheza miaka 14 kabla ya usiku ule wa Mei 2013, na uchezaji wake ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa amesema hapana.

Kwa mwenye hila, sauti ya umati ina faida moja: haina mwenyewe. Aliyemtukana Goodes mwaka 2013 alionekana, akatajwa umri wake, akaomba radhi. Lakini watu elfu thelathini wakizomea kwa pamoja, kila mmoja anaweza kusema mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine. Anayesikia hawezi kuzichambua sababu elfu thelathini. Anasikia sauti moja tu.

Mei 29, 2015, katika wiki ileile ya kuwaheshimu wachezaji wa asili, Goodes aliwafunga Carlton bao mjini Sydney. Alikimbia kuelekea mashabiki wa Carlton, akacheza hatua za ngoma ya vita na kufanya kama anayerusha mkuki. Baadaye alieleza kwamba hatua zile alifundishwa na vijana Waaborijini wa timu ya chini ya miaka 16, naye alitaka kuwaenzi. Redio na magazeti yalijaa lawama kwamba ametisha watu. Watetezi wake waliuliza kwa nini ngoma ya haka ya wachezaji wa raga wa New Zealand hushangiliwa dunia nzima, lakini ngoma ya Mwaborijini nyumbani kwake inatisha.

Mwisho wa Julai 2015, mjini Perth, mazomeo dhidi yake yalikuwa makali mno hata mchezaji mwenzake, Lewis Jetta, naye Mwaborijini, alicheza ngoma ya mkuki baada ya kufunga bao, ili kumtetea. Baada ya mechi hiyo Goodes aliomba mapumziko. Alikuwa amechoka.

Mechi iliyofuata Sydney walicheza bila yeye. Jezi yake ilikuwa namba 37. Katika kipindi cha tatu, dakika ya saba, uwanja mzima ulisimama na kupiga makofi. Katika viwanja vingine baadhi ya timu zilivaa jezi zenye michoro ya wenyeji wa asili. Alirejea, akacheza hadi Septemba 19, 2015, timu yake ilipotolewa na North Melbourne. Aliwaaga wenzake katika chumba cha kubadilishia nguo. Kuna desturi kwamba wakongwe wanaostaafu huzungushwa uwanjani siku ya fainali kuu ili umma uwaage. Goodes hakwenda.

Kijana wa Kakuma

Hapa habari hii inagusa ukanda wetu moja kwa moja. Novemba 2013, miezi sita baada ya usiku ule wa Melbourne, Sydney Swans ilimchagua kijana mmoja akiwa wa 44, nafasi moja tu chini ya ile aliyochaguliwa Goodes miaka 16 kabla. Jina lake ni Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Sudan Kusini. Familia yake ilipelekwa Australia akiwa bado mtoto.

Aliir alikaa klabu moja na Goodes katika misimu yote miwili ya mazomeo, akisubiri zamu yake katika timu ya akiba. Aliingia kikosi cha kwanza mwaka 2016, Goodes akiwa ameshaondoka. Baadaye alihamia klabu ya Port Adelaide, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi cha nyota wa ligi nzima. Kabla yake, mwaka 2013, Majak Daw aliyezaliwa Khartoum alikuwa Msudani wa kwanza kucheza ligi hiyo, naye alikwishaonja matusi ya jukwaani akiwa bado katika ligi ya chini.

Mtoto aliyezaliwa kambini alifika huko akamkuta mwenyeji wa asili, mwenye nchi tangu mababu, akizomewa kama mgeni. Sijui kama lipo somo la uraia lililo wazi kuliko hilo. Sisi tuliozaliwa Ulyankulu na Katumba tuliitwa wakimbizi ilhali hatukuwahi kukimbia popote. Tuliporudi nchini kwa wazazi wetu, wengine wakatuita Watanzania. Wafanyabiashara wa mpakani nao wanajua jinsi mtu anavyopewa jina la upande wa pili kabla hata mzigo wake haujapimwa.

Na katika Maziwa Makuu hatuhitaji kuambiwa jina la mnyama linaweza kufika wapi. Mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda iliwaita Watutsi mende, na waliokuwa wakiisikiliza wakashika mapanga. Nchini mwetu nako yapo majina ya namna hiyo. Kila mtu mzima anayajua, na sitayaandika hapa. Waaustralia hawakufika huko katika viwanja vya mpira, na si haki kuwasingizia. Lakini mlango ni uleule. Kwanza mtu anaitwa kiumbe asiye mtu. Kisha anayelalamika anaambiwa ana makelele.

Samahani iliyochelewa

Mwaka 2019 zilitoka filamu mbili za kumbukumbu juu ya miaka ile. Mojawapo ilitumia picha na sauti zilizotangazwa wakati huo tu, bila mahojiano mapya. Watu walijiona na kujisikia wenyewe. Mwaka huohuo ligi na klabu zote 18 ziliomba radhi bila masharti, zikakiri kwamba Goodes alifukuzwa mchezoni na ubaguzi na kwamba hazikumtetea ipasavyo. Mwaka 2021 uchunguzi ulioagizwa na klabu ya Collingwood ulikuta ubaguzi ndani ya mfumo wake, na McGuire akajiuzulu urais.

Mwaka huo wa 2021 wateuzi walimpitisha Goodes kwa kauli moja kuingia katika orodha ya heshima ya magwiji wa mchezo huo. Alikataa. Wapo waliosema ana kinyongo. Mimi nadhani watu huchanganya mambo mawili ambayo shuleni tunayatenganisha kila siku. Kusamehe ni hiari ya aliyekosewa, na Goodes alimsamehe yule msichana siku ya pili. Kurudi kukaa meza moja na waliokutazama ukizomewa misimu miwili bila kufungua mdomo ni jambo lingine, na hakuna anayeweza kumlazimisha mtu.

Tangu aache mpira, Goodes ameelekeza nguvu kwa watoto. Taasisi aliyoianzisha na O'Loughlin inaendelea kusomesha wanafunzi, na yeye mwenyewe ameshiriki kuandika vitabu vya watoto wadogo vinavyoeleza kwamba nchi yao ilikuwa na wenyewe kabla ya meli za mwaka 1788. Aliyetukanwa na mtoto amechagua kuzungumza na watoto.

Msichana wa Melbourne sasa ni mtu mzima. Huenda siku moja atakuwa na watoto watakaomwuliza habari ya Adam Goodes, na atakuwa na la kuwajibu: alikosea, aliomba radhi, akasamehewa. Wale maelfu waliozomea hawana jibu jepesi kama hilo, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwa kidole. Wazazi wenzangu, jioni hii watoto wetu watatusikia tukimtaja jirani, mteja au mgeni aliyevuka mpaka jana. Kesho asubuhi neno tutakalolitumia litakuwa uani shuleni, na mwalimu atauliza limetoka wapi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Makamba.